David Livingstone, Mgeni wa Ujiji

Katika sharika zetu wako wengi waliotumwa kufanya kazi mbali na kwao. Mwalimu hutoka mlimani akapelekwa pwani. Muuguzi hutoka pwani akapelekwa ziwani. Naye kijana hupata kazi au masomo katika nchi ya watu ambao hajui hata namna ya kuwaamkia. Wengine hurudi wakisifu, wengine hurudi wakilalamika. Na walio wengi, tukiwauliza kwa upole, hukiri ya kuwa ugeni una utamu wake na uchungu wake, navyo vyote viwili hunywewa katika kikombe kimoja. Kwa sababu hiyo tumeona vema kueleza habari za mtu aliyeishi ugenini karibu miaka 30, akafa huko huko. Jina lake ni David Livingstone. Watu wengi wajua kwamba alikutwa Ujiji. Lakini ni wachache wajuao alikuwa katika hali gani alipokutwa, na ni nani aliyemlisha kabla hajakutwa.

Alizaliwa Blantyre, katika nchi ya Uskoti, tarehe 19 Machi 1813. Wazazi wake walikuwa maskini, wakikaa na watoto wao katika chumba kimoja. Alipokuwa na umri wa miaka 10 alipelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha kusokota pamba, tangu saa 12 asubuhi mpaka saa 2 usiku. Kwa sehemu ya mshahara wake wa kwanza akanunua kitabu cha Kilatini, akakiweka juu ya mashine, akasoma mstari mmoja mmoja kila alipopita. Hivyo akajifunza hata akaingia chuo cha uganga na elimu ya dini mjini Glasgow. Nia yake ilikuwa kwenda Uchina. Lakini mwaka 1839 vita vikatokea huko kwa sababu ya afyuni, njia ikafungwa. Ndipo alipokutana na Robert Moffat, mmisionari wa Afrika ya Kusini, na moyo wake ukageukia bara letu. Mwaka 1841 alifika Kuruman.

Jambo la kwanza alilofanya linafaa kukumbukwa na kila mtu atumwaye ugenini. Alijitenga na Wazungu wenzake kwa muda wa miezi kama sita, akakaa peke yake katikati ya Wabakwena, ili asisikie lugha nyingine ila yao. Alikula walichokula, akajifunza desturi zao na sheria zao. Taabu ya miezi ile ilimpa faida ya maisha yote, maana tangu hapo hakuwa mtu wa kusimama mlangoni na kusema kwa mkalimani. Tena alijifunza mapema kwamba mgeni huishi kwa mikono ya wenyeji. Mwaka 1844, huko Mabotsa, simba alimrukia akauvunja mkono wake wa kushoto. Aliyemwokoa ni Mebalwe, mwalimu Mwafrika, aliyemlenga simba yule kwa bunduki hata simba akamwacha Livingstone, akamrukia yeye na kumwuma. Mkono ule haukupona sawasawa, na mbele tutaona ulivyokuwa alama yake baada ya kufa.

Mwaka 1845 alimwoa Mary, binti Moffat. Hapa twaomba wasomaji watulie kidogo, kwa maana habari za mama huyu hutajwa mara chache. Mary alizaliwa Afrika ya Kusini mwaka 1821. Ngozi yake ilikuwa ya Kizungu, lakini kwao kulikuwa Afrika. Alisafiri na mumewe kwa gari la ng'ombe katika nchi kavu ya Kalahari, akiwa na watoto wadogo; na mwaka 1850 mtoto wao mchanga, Elizabeth, akafa Kolobeng. Mwaka 1852 Livingstone akaona kwamba safari alizokusudia haziwezekani kwa mama na watoto. Akawapeleka Cape Town, akawapandisha merikebu kwenda Uingereza, naye akarudi bara. Ulimwengu ulimhurumia Livingstone kwa kuwa alikuwa mgeni Afrika. Lakini Mary alikuwa mgeni Uingereza. Alikaa huko zaidi ya miaka minne, akihama nyumba hata nyumba, fedha zikimpungukia, katika baridi asiyoizoea. Nao ukiwa wake haukuandikwa katika magazeti.

Katika miaka ile mumewe alivuka bara kwa miguu. Pamoja na Wamakololo alifika Luanda, kwenye bahari ya magharibi, mwaka 1854. Akarudi nao kwa sababu aliwaahidi kuwarudisha kwao. Kisha akafuata mto Zambezi, akayaona maporomoko ambayo wenyeji huyaita Mosi-oa-Tunya, akatokea Quelimane mwezi wa Mei 1856. Alipopanda merikebu ya Waingereza hapo, likampata jambo la ajabu: maneno ya lugha yake mwenyewe yalimkataa. Alisikia yote yaliyosemwa, lakini alipofungua kinywa, Kiingereza hakikuja. Hii ni siri ya ugeni ambayo wengi hawaambiwi wanapoondoka nyumbani. Mtu hudhani atakuwa mgeni mahali pamoja tu, yaani kule aendako. Lakini akikaa sana, hugundua siku moja kwamba amekuwa mgeni hata kwao.

Uingereza ilimpokea kwa heshima kuu, na kitabu chake cha mwaka 1857 kikanunuliwa na maelfu ya watu. Mwaka 1858 alirudi Zambezi akiwa mkuu wa msafara wa serikali. Safari hiyo haikufanikiwa. Mto haukupitika kama alivyotumaini, na yeye aliyekuwa mpole kwa Waafrika alikuwa mgumu kwa Wazungu wenzake, akagombana nao. Mary alimfuata, lakini tarehe 27 Aprili 1862 akafa kwa homa huko Shupanga, akazikwa chini ya mbuyu. Binti yao wa mwisho, Anna Mary, alizaliwa mwaka 1858, na baba yake hakumwona hata mwaka 1864, mtoto alipokuwa amekwisha kutimiza miaka mitano. Mwana wao wa kwanza, Robert, alikwenda Marekani, akaingia jeshini kwa jina lisilo lake, akafa mfungwa wa vita katika mwaka ule ule wa 1864. Hatuandiki haya ili kumhukumu marehemu. Twayaandika kwa sababu deni la ugenini mara nyingi hulipwa na wale waliobaki nyumbani.

Mwezi wa Januari 1866 alifika Unguja kwa safari yake ya mwisho. Alitaka mambo mawili: kuziona chemchemi za mto Nile, na kuufunua uovu wa biashara ya watumwa, akiamini kwamba neno la mtu aliyeigundua Nile litasikiwa. Alipanda bara kwa njia ya Ruvuma akiwa na askari wa Kihindi, watu wa Nzuani, na vijana kadha waliookolewa utumwani. Miongoni mwao alikuwako Chuma, kijana wa Kiyao, pamoja na Susi wa Shupanga. Askari walirudishwa, watu wa Nzuani walitoroka, wakatangaza pwani kwamba bwana wao ameuawa. Januari 1867 watu wawili waliotoroka walichukua sanduku lake la dawa. Mtu aliyekuwa mganga akabaki bila dawa katika nchi ya homa. Mwezi wa Aprili 1867 aliliona Ziwa Tanganyika upande wa kusini. Kisha akaona Ziwa Mweru na Ziwa Bangweulu.

Sasa tunafika kwenye jambo gumu kuliko yote katika maisha yake. Mgeni hana shamba wala ndugu. Nguo na ushanga aliovileta vilipokwisha, hakuweza kununua chakula, na mkono mtupu haulambwi. Waliokuwa na chakula, na njia, na watu wa kuchukua barua, walikuwa wafanya biashara wa Kiarabu na Kiswahili; na wengi wao walifanya biashara ile ile aliyoichukia. Tippu Tip alimsaidia mwaka 1867. Muhammad bin Gharib alimpikia, akampa dawa, na mapafu yalipomshika mwanzoni mwa mwaka 1869, akaagiza achukuliwe kwa machela mpaka ziwani. Bila Muhammad huenda angalikufa njiani. Livingstone aliwashukuru, wala hakuficha fadhili zao katika daftari yake. Lakini kila asubuhi aliona watumwa waliofungwa wakipita. Alikula mkate wa watu ambao kazi yao alikuwa akiomba Mungu aikomeshe. Wako kati yetu waliokula mkate wa namna hiyo ugenini, nao wajua jinsi unavyokwama kooni.

Tarehe 14 Machi 1869 alifika Ujiji. Mji huo ulikuwa bandari kubwa ya ziwa. Wazungu wa kwanza kuufikia walikuwa Burton na Speke, mwaka 1858. Waha na Wajiji walileta sokoni samaki, mawese na nafaka. Chumvi ilitoka Uvinza. Mitumbwi ilivuka kwenda upande wa Kongo ikarudi na pembe za ndovu na watumwa. Ziwa lenyewe lina urefu wa kilometa 670 hivi, na kina chake chapita meta 1,400. Wavuvi wake huliheshimu, kwa kuwa upepo hubadilika ghafula. Livingstone alitazamia kupata hapo mizigo yake iliyotumwa kutoka Unguja. Akakuta kwamba katika vipande 80 vya nguo, 62 vimekwisha kuibwa, na ushanga ulio bora umetoweka. Dawa zake zilikuwa zimebaki Unyanyembe.

Lakini kulikuwako na chai kidogo, kahawa na sukari. Akanunua siagi, akapata unga wa ngano uliokaa miaka minne, wakafanya mkate. Akavaa fulana ya sufu juu ya kifua chake kigonjwa, akaanza kupata nguvu. Ndugu, aliyekaa ugenini hatacheka habari hii. Furaha za mgeni ni ndogo ndogo hivi: kikombe cha chai ya kwao, ladha aliyoisahau, jua la asubuhi kizingitini, jirani amwitaye kwa jina. Furaha hizo ni chache, lakini humsaidia mtu asivunjike.

Barua ndizo zilizomwumiza zaidi. Aliandika barua zipatazo 40 akazitoa ziende pwani. Watu wa Ujiji hawakupenda kuzichukua, wakiogopa mambo yao yasijulikane Unguja. Na barua zile hazikufika. Watu wa kwao wakadhani amekufa, naye akadhani wamemsahau.

Mwezi wa Julai 1869 alivuka ziwa akaenda Manyema. Vidonda vya miguu vilimlaza kibandani Bambarre muda wa miezi mingi. Hakuwa na vitabu vya kutosha, akaisoma Biblia yote mara nne. Karatasi ilipokwisha aliandika juu ya magazeti ya zamani, kwa wino alioufanya kwa mbegu za mti. Mwezi wa Machi 1871 akafika Nyangwe, kwenye mto Lualaba. Huko alipata furaha iliyo kubwa kuliko zote za miaka ile, nayo ilikuwa soko. Wanawake kwa mamia walikuja na vikapu vya samaki, mihogo na kuku, wakibishana bei na kuchekeana. Naye mzee huketi na kutazama, na kuhesabu watu, na kusikiliza. Tarehe 15 Julai 1871, katika soko hilo hilo, watu wa wafanya biashara walipiga bunduki katikati ya umati. Waliouawa kwa risasi na waliokufa maji walipata mia tatu na zaidi. Livingstone aliyaona kwa macho yake wala hakuweza kuzuia kitu. Tangu siku hiyo hakuweza tena kusafiri na watu wale. Aliacha mto alioutafuta miaka mitano, akageuka kurudi Ujiji, mwendo wa miezi mitatu, huku mwili wake umechoka kabisa. Njiani wenyeji walimvizia msituni wakamtupia mikuki, kwa sababu walimdhania kuwa mmoja wa wafanya biashara. Watu walimhukumu mgeni kwa wenzake aliofuatana nao, nao walikuwa na sababu.

Kwa hesabu ya daftari yake alifika Ujiji tarehe 23 Oktoba 1871. Mtu mmoja aitwaye Sherif, aliyewekwa kutunza mizigo mipya, alikuwa amepiga ramli akasema bwana amekwisha kufa, akaiuza yote. Livingstone akawa fukara katika mji wa watu. Alijilinganisha na yule mtu aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi kati ya Yerusalemu na Yeriko, ila yeye hakuona Msamaria akija. Hata hivyo Mwarabu mmoja, Said bin Majid, alimjia akataka kuuza pembe zake ili ampe mali. Mzee akamshukuru, akamwomba asubiri kwanza. Nasi tusisahau kwamba huyo wa kwanza kumhurumia alikuwa mtu wa dini nyingine.

Siku chache baadaye Susi alikuja mbio, akisema Mwingereza anakuja. Alikuwa Henry Morton Stanley, aliyetumwa na gazeti la New York. Maneno aliyomwamkia yajulikana na dunia nzima, wala hatuna haja ya kuyarudia. Siku yenyewe ina mabishano, kwa kuwa kwa Stanley ilikuwa tarehe 10 Novemba, lakini Livingstone alikuwa amechanganya hesabu ya siku zake. Halima mpishi alihangaika kuandaa chakula cha wageni. Stanley alileta mfuko wa barua ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870, ambao ulikuwa umelala mwaka mzima njiani. Mzee alisoma moja au mbili za watoto wake, akaziweka kando, akaomba kwanza habari za ulimwengu. Akaambiwa kwamba mfereji wa Suez umefunguliwa, na kwamba Wafaransa na Wajerumani wamepigana. Akala mara nne kwa siku, nguvu zikamrudia. Wote wawili wakapiga makasia mpaka kaskazini ya ziwa, wakaona kwamba mto Rusizi huingia ziwani wala hautoki.

Stanley alimsihi arudi kwao. Huko kulikuwako heshima, na watoto wake walimngoja. Akakataa, kwa kuwa kazi aliyoianza haijaisha. Je, alifanya vema? Wasomaji watapima. Katika jambo la mto alikosea, maana Lualaba si Nile. Stanley mwenyewe aliufuata mpaka baharini mwaka 1877, ukawa mto Kongo. Lakini habari za Nyangwe alizoandika zilifika Uingereza mwaka 1872, zikachoma mioyo ya watu. Na tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja. Livingstone hakuzisikia habari hizo. Alikuwa amekufa karibu na Bangweulu, katika kijiji cha Chitambo, mwanzoni mwa Mei 1873, amepiga magoti kando ya kitanda chake.

Wenzake hawakukubali azikwe mbali na kwao. Walizika moyo wake chini ya mti, na Jacob Wainwright akasoma ibada. Wakaukausha mwili juani, wakaufunga kama mzigo, wakauchukua mwendo wa miezi mingi hata Bagamoyo, mwezi wa Februari 1874. Wainwright alisafiri nao mpaka Uingereza, na hapo mfupa wa mkono uliovunjwa na simba ukathibitisha kwamba ndiye. Tarehe 18 Aprili 1874 alizikwa Westminster Abbey, London.

Baadaye Susi na Chuma walikwenda Uingereza kusaidia daftari zake zitengenezwe kuwa kitabu. Sasa walikuwa wao walio wageni katika nchi ya baridi, wakitazamwa na kuulizwa maswali. Walijenga mfano wa kile kibanda alichofia, ili watu wa kwake waone. Kisha wakarudi kwetu. Chuma aliongoza misafara, hata ule wa Joseph Thomson wa mwaka 1879 uliofika Ziwa Tanganyika. Akafa mwaka 1882. Susi alibatizwa Unguja mwaka 1886, akachagua jina la David. Akafa mwaka 1891.

Leo treni hufika Kigoma, kama ilivyofika tangu mwaka 1914, na Ujiji una ukumbusho mahali wale wawili walipokutana. Wageni hawajaacha kufika mwambao ule. Mwaka 1972, na 1993, na 1996, na 2015, watu wengi wa Burundi na Kongo walikimbilia mkoa wa Kigoma, wengine wakiwa na mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Hakuna gazeti lililomtuma mtu kuwatafuta mmoja mmoja kwa majina yao.

Basi, ninyi mnaokwenda ugenini, jifunzeni lugha ya watu kabla ya kuwafundisha. Andikeni barua nyumbani, wala msiwaache wake na watoto walipe peke yao gharama ya wito wenu. Na mwangalie mnafuatana na nani njiani. Nanyi mnaokaa kwenu, mkimwona mgeni ameketi mlangoni, nguo zake zimechakaa na mizigo yake imeibwa, msingoje Stanley aje kutoka mbali. Mleteeni uji. Ulizeni jina lake. Na akitoa barua, hakikisheni imefika.